Safari ya uwindaji Tanzania, Julai hadi Desemba: bei moja, misimu mitatu

Kwenye orodha za bei za kampuni nyingi za uwindaji wa kitalii Tanzania, siku ya tarehe 5 Julai na siku ya tarehe 20 Septemba zinagharimu sawa. Mgao wa wanyama ni uleule, ada za serikali zilezile, kambi ileile, hata mpishi ni yuleyule. Porini hazifanani. Mwanzoni mwa Julai, kwenye mapori ya kusini, nyati anaweza kuwa hatua 20 mbele yako na usione chochote isipokuwa ndege wanaokula kupe wakirukaruka juu ya majani. Septemba, mahali palepale, unamwona akiwa mbali na yeye bado hajui kama upo. Aliyelipa bei ya Septemba akapelekwa Julai, sehemu kubwa ya fedha yake imenunua majani.

Tathmini hii ni ya huduma kama inavyouzwa, mwezi kwa mwezi. Hailengi kampuni yoyote. Inamhusu anayelipia, na inawahusu pia vijana wengi wa Arusha na Dar es Salaam wanaoishi kwa kuunganisha wageni na kampuni, maana lawama ya tarehe mbaya humrudia aliyeipendekeza.

Tuanze na mipaka. Pazia la uwindaji hufunguliwa 1 Julai, na kwa vitendo kambi nyingi hufungwa mvua zikishashika, Novemba au Desemba. Vibali viko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, yenye makao yake Morogoro. Safari ya nyati kwa kawaida huuzwa kwa siku 10, na anayetaka simba ajipange kwa siku 21. (Msomaji wa Kenya asihangaike kutafuta kampuni upande wake, huko uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Tanzania nayo ilifunga mwaka 1973 na kufungua tena 1978.) Na ukitajiwa jina "Selous", lile pori la akiba la kusini, uliza kitalu (eneo la kuwindia ambalo kampuni imepewa) kiko upande gani wa ramani: mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kwenye hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Pori la Mto Ugalla nalo lilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka huohuo. Bado kuna vipeperushi vya zamani mtandaoni vinavyoonyesha picha za kingo za Rufiji ambazo mwindaji wa leo hatazikanyaga akiwa na bunduki.

Julai na nusu ya kwanza ya Agosti

Mvua za kusini na magharibi hukatika kati ya Aprili na Mei na kuacha majani ya kimo cha mtu au zaidi. Moto wa mapema huanza kuwashwa Juni, lakini majani yakiwa bado na unyevu yanaungua kwa viraka: huku jivu, kule ukuta. Mwaka ambao mvua zimechelewa kukatika, viraka hivyo vinaweza kudumu hadi Agosti. Maji nayo bado yametapakaa. Kila korongo lina dimbwi, kila bonde lina tope, kwa hiyo nyati hana sababu ya kurudi mahali pamoja kila siku. Unaweza kufuata unyayo wa asubuhi kwa saa nne na ukakuta kundi limekunywa njiani mara mbili bila kusimama.

Usumbufu huo unavumilika. Tatizo kubwa ni nyati aliyepigwa vibaya, kwa sababu hukimbilia kificho, na Julai kificho kiko kila upande. Utaratibu ni kusubiri dakika 20 hadi 30, kutega sikio kama atatoa ule mlio mrefu wa kukata roho, kisha kuingia polepole, mfuata nyayo akiwa mbele na bunduki mbili ubavuni mwake. Kwenye jivu la Septemba damu inaonekana chini na macho yanafika mbali. Kwenye majani ya Julai damu imepaka mabua kimo cha kiuno, mbele mnaona mita 3, na nyati ana desturi ya kuzunguka na kusimama kando ya njia aliyopita mwenyewe, akiwasubiri. Juu ya hatari hiyo kuna hasara: mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa ada kama aliyeuawa. Wawindaji bingwa (wanaoongoza wageni porini) wenye busara hukataa kuruhusu risasi Julai kwenye nafasi ambayo Septemba wangeikubali bila kusita. Mgeni asiyejua sababu huona anacheleweshwa.

Kingine kisichotajwa kwenye vipeperushi ni kwamba wageni wa wiki ya kwanza ndio wanaoijaribu kambi. Barabara zimefyekwa Juni, visiki bado vina ncha, na pancha mbili kwa siku si habari ya kushangaza. Madaraja ya magogo juu ya makorongo yametoka kujengwa upya. Gari lililolala tangu Desemba panya wamekula nyaya zake, na friza ya nyama ndiyo kwanza inagundulika haigandishi. Mwombe wakala akupe tarehe kuanzia 10 Julai, hata kama unapenda mwanzo wa msimu. Siku hizo kumi zinatosha wafanyakazi kumaliza kurekebisha yale waliyoyasahau.

Kwa nyati wa kusini, Julai tunaipa nyota 2 kati ya 5.

Ila kwa chui, Julai ni nyota 5, na ndiyo sababu mwezi huu haupaswi kudharauliwa. Chui huwindwa kwa chambo. Kumulika taa usiku hairuhusiwi, na anayeruhusiwa ni dume tu. Kazi yote inategemea jambo moja: aje kula kabla giza halijafunga, au awe bado mtini kunapopambazuka. Baridi ya kipupwe inasaidia kwa njia mbili. Nyama hukaa: swala pala aliyetundikwa Julai bado ana mvuto siku ya tano, wakati wa joto la Oktoba siku ya tatu ni funza na ngozi iliyokauka. Na miti bado imevaa majani, hivyo chui akiwa juu ya tawi anajiona amefichika na hana wasiwasi wa kuja mapema.

Namna ya kufunga chambo ndiyo inayotofautisha kambi inayojua kazi na inayobahatisha. Mti unaofaa una shina lililoinama kidogo na tawi nene la mlalo, na nyuma ya tawi hilo kuna anga tupu upande wa machweo, ili umbo la chui lionekane hata mwanga ukishafifia. Nyama hufungwa kwa waya chini ya tawi, kimo ambacho chui hawezi kuifikia kutoka ardhini. Lazima apande na kusimama juu ya tawi ndipo aivute. Ikifungwa kwa kamba, ataikata na kuondoka nayo usiku wa kwanza. Juu yake hufunikwa matawi mabichi, maana tumbusi wakiiona wataimaliza kabla ya adhuhuri. Utumbo huburutwa barabarani pande zote mbili hadi chini ya mti, ili chui anayepita kilomita moja pembeni akute harufu ya kuifuata.

Kisha maficho. Hapa wengi hukosea kwa sababu wanataka machweo nyuma ya mti na kusahau upepo. Miezi hii kusi inavuma kutoka kusini-mashariki. Ukijenga maficho mashariki au kusini-mashariki mwa mti, picha ya jioni ni nzuri sana, ila harufu yako inakwenda moja kwa moja kwenye chambo. Yasogeze kaskazini-mashariki, umbali wa mita 50 hadi 70, harufu ipite pembeni na anga ya jioni ibaki mbele yako. Wawindaji bingwa wengi pia huchagua wiki ya mwezi mwandamo. Wanasema mbalamwezi ikiwa kali chui huhangaika usiku kucha na jioni hana haraka. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kutaja tarehe. Hilo halina gharama.

Wiki ya mwisho ya Agosti hadi katikati ya Oktoba

Huu ndio wakati ambao picha zote za matangazo zilipigwa. Moto umepita, makorongo yamekauka, na maji yamebaki mtoni, kwenye mabwawa makubwa na kwenye mashimo ambayo tembo wameyachimba kwenye mchanga. Wanyama waliotapakaa Julai sasa wanalazimika kurudi kwenye maji, nyati kila siku. Uwindaji wa nyati unakuwa wa ratiba, na asiyeifuata ratiba hiyo hupoteza siku hata katika mwezi bora.

Kuamka ni saa 10 na nusu alfajiri. Saa 12, mwanga ukitosha kuona ardhi, gari linakuwa linapita polepole kwenye njia za maji. Mfuata nyayo akigonga paa la gari, kila mtu ananyamaza. Anachokiangalia si ukubwa wa unyayo pekee. Ukingo wa kwato ukiwa bado mkali, bila chembe za mchanga zilizomomonyoka ndani yake na bila alama za wadudu waliotembea usiku juu yake, basi ni wa alfajiri hii. Anavunja mavi kwa kidole cha mguu na kuyapima joto: yakiwa na joto ndani na utelezi wa kijani unaong'aa juu, kundi haliko mbali. Nyayo mbili au tatu kubwa, pana, za peke yake, zinazokwenda taratibu, ni madume wazee waliokwisha kuachana na kundi. Hao ndio wa kufuatwa. Kundi la nyati 200 lina macho 400 na madume yake mengi bado ni vijana.

Upepo unapimwa kwa kimfuko cha majivu ya moto wa kambi, soksi ya zamani inatosha. Kinatikiswa kila baada ya dakika chache, na majivu yakionyesha yanakwenda mbele, safari inazungushwa hata kama ni kilomita 2 zaidi. Mpaka saa 4 asubuhi kusi ni ya kuaminika. Kuanzia saa 5 ardhi nyeusi iliyoungua inachemka, chamchela zinaanza kuinuka na upepo unageuka kila dakika. Mwindaji anayefika kwa nyati saa 6 mchana mara nyingi atasikia kishindo tu. Kwa hiyo kifungua kinywa kirefu kambini, kinachopendwa sana na wageni, ni adui wa Septemba.

Kuna dosari moja ya mwezi huu. Miombo imedondosha majani, na mahali ambapo moto haukupita unakanyaga kama mtu anayetafuna bisi. Kwenye sehemu hizo nyati anakusikia kabla ya kukuona. Kambi nzuri hujua ramani ya moto wake wa mwaka huo: wapi pameungua Juni na sasa pana majani machanga, wapi pameachwa. Majani machanga ndiyo yanayomvuta palahala, korongo (swala, si bonde) na kongoni. Ukimtaka palahala dume mweusi kweli, muulize mwindaji bingwa wako swali moja tu: mmechoma wapi, na lini?

Nyati anayefaa hatambuliwi kwa upana wa pembe. Angalia pale pembe mbili zinapokutana juu ya kichwa. Pakiwa bado na ulaini wa rangi ya ngozi au nywele katikati, ni kijana, hata kama pembe zimetanuka kiasi cha kumtamanisha mtu. Mzee amekuwa mfupa mtupu, mgumu, wenye mikwaruzo, na ncha zake zimechakaa. Risasi ya kwanza iende begani, panda mstari wa mguu wa mbele hadi theluthi moja ya kimo cha kifua, si juu zaidi. Bunduki ya chini kabisa kwa wanyama hatari kama huyu ni ya kipenyo cha inchi .375. Mpangilio wa kawaida ni risasi laini ya kwanza na ngumu zinazofuata. Na usibaki kumtazama; endelea kupiga mpaka alale.

Simba pia ni wa kipindi hiki, kwa sababu anafuata wanaofuata maji. Lakini mwezi mzuri haufuti sheria ya umri: simba anayeruhusiwa ni dume wa miaka 6 na kuendelea, na kampuni huadhibiwa kwa kuleta kijana. Pua iliyokwisha kuwa nyeusi, makovu usoni, manyoya yaliyochakaa, meno yaliyovunjika au ya manjano, vyote vinasomwa kwa pamoja. Kimoja peke yake hakitoshi. Kamera za kutegesha kwenye chambo zimerahisisha kazi hii. Siku 21 zinaonekana nyingi hadi utakapohesabu: siku 5 za kutafuta nyama ya chambo, siku 6 za kusubiri dume yeyote aje, kisha anakuja wa miaka 4.

Nyota 5 kwa nyati, 5 kwa simba, 4 kwa palahala na pofu, 3 kwa chui. Kasoro kubwa ya Septemba iko ofisini: tarehe hizi huwahiwa mwaka mmoja au miwili kabla. Tungeshauri usipoteze usingizi kuzisaka. Siku 10 za mwisho za Agosti zinatoa karibu kila kitu ambacho Septemba inatoa, joto likiwa bado la kuvumilika, na mara nyingi nafasi zake huchelewa kujaa kwa sababu watu wameshikilia neno "Septemba" kama dua.

Mwisho wa Oktoba na kuendelea

Mabonde ya chini kama Rufiji na Kilombero yanakuwa tanuri. Joto la nyuzi 35 na zaidi linakata pumzi ya mtu anayefuata nyayo saa tano, na lita 3 za maji mgongoni ni kiasi cha chini. Wanyama wamekonda, ingawa pembe hazikondi, na wamejazana kwenye maji machache. Kwa macho ya kuhesabu, huu ndio wakati wa kuona wengi zaidi. Anayevumilia joto na hana haja ya chui, siku za 5 hadi 20 Oktoba zinaweza kumpa nyati mzuri kuliko Septemba yenyewe.

Baada ya hapo ni kamari. Mvua ya kwanza ikinyesha mlimani mabwawa yanajaa, mahali palipoungua panachipua, na nyati waliokuwa wakija bwawani kila asubuhi wanatawanyika ndani ya siku mbili. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa, Land Cruiser yenye winchi inakaa pale ilipo mpaka jua liamue. Viwanja vidogo vya ndege vinateleza na rubani anakataa kutua, kwa haki kabisa. Ukiwa na tiketi ya kimataifa kesho yake, hiyo ni gharama yako.

Mbung'o nao husumbua sana miezi ya joto. Hawafuati harufu pekee. Wanavutiwa na kitu kinachotembea, na kwa rangi wanapenda bluu na nyeusi. Suruali ya jinzi na jaketi jeusi ni kuwaalika. Vaa kaki au kijani kilichofifia. Kwenye gari, kopo lenye mavi makavu ya tembo yanayofuka moshi, lililofungwa nyuma, linafanya kazi kuliko dawa nyingi za dukani. Harufu yake utaizoea siku ya pili.

Tatizo la mwisho la mwisho-wa-msimu ni mgao. Kila kitalu kina idadi yake ya kila mnyama kwa mwaka. Simba na chui ni wachache, na wageni waliotangulia wameshakula. Novemba unaweza kupelekwa kwenye kitalu kizuri sana ambacho chui wake walikwisha Agosti. Wafuata nyayo wamechoka, tairi zimeisha kashata, na nyati waliosikia risasi tangu Julai wanaondoka wakisikia tu injini. Novemba: nyota 2, na hizo ni kwa anayepewa punguzo la kweli.

Kusini si kaskazini

Yote hapo juu ni ya misitu ya miombo. Ukienda Longido, Monduli au Ziwa Natron, kalenda inageuka. Majani ya Umasaini ni mafupi tangu mwanzo, hivyo Julai hakuna ukuta wa kukuzuia, na swala twiga, tandala mdogo na choroa wanapatikana vizuri tangu siku ya kwanza. Asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta, mchana vumbi. Anayetaka kufungua msimu aende huko, aiache Selous. Vuli ikianza, mwishoni mwa Oktoba au Novemba, nchi nzima inakuwa kijani na wanyama wanasambaa.

Moyowosi, magharibi, ni hadithi ya maji. Madimbwi ya Malagarasi yanachelewa kupungua. Julai sehemu nyingi hazifikiki kwa gari. Nzohe, swala wa kinamasi ambaye ndiye sababu ya wengi kufika huko, anaishi ndani ya mafunjo na hutazamwa kutoka kwenye ulingo, alfajiri, akitoka kula ukingoni. Mwisho wa Agosti hadi Oktoba ndio wakati wake: maji yamerudi ndani, ukingo wa kula umepungua, na njia zinapitika. Rungwa iko katikati ya hali hizo mbili: mvua moja ya Novemba hadi Aprili, mito ya mchanga, na Oktoba yenye joto kavu ambalo halina unyevu wa Rufiji. Kwa tandala mkubwa na simba, Rungwa ya Septemba ni vigumu kuipinga.

Chumvi

Watu huuliza kuhusu bunduki na hawaulizi kuhusu chumvi, kisha miezi minane baadaye wanapokea ngozi isiyo na manyoya. Bakteria ndio wanaoyalegeza, na joto ndilo linalowapa kasi. Julai mchunaji ana nafasi ya kupumua. Oktoba mnyama aliyepigwa saa 3 asubuhi akibebwa nyuma ya gari juani hadi saa 8 mchana, ngozi ya tumbo na ya uso imeshaanza kwenda. Achunwe kivulini haraka, na kama kambi ni mbali, achunwe palepale.

Chumvi iwe laini, ya unga. Ya mawe inaacha nafasi kati ya punje. Kiasi chake kikadirie kwa uzito: kilo moja ya chumvi kwa kilo moja ya ngozi mbichi. Midomo, pua na kope zipasuliwe kwa ndani, masikio yageuzwe nje-ndani hadi ncha, nyama yote ikwanguliwe, ndipo chumvi isuguliwe kwa mkono hadi kila mkunjo. Ngozi ikunjwe na kulazwa kwenye mteremko ili maji yatoke. Baada ya saa 24 ikung'utwe chumvi iliyolowa, ipakwe mpya, kisha ikaushwe kivulini penye upepo. Ikianikwa juani inaungua na kuwa ngumu kama ubao nje huku ndani ikiwa mbichi. Kambi inayomaliza msimu mara nyingi ina upungufu wa chumvi, na mchunaji asiye na chumvi ya kutosha hatakuambia, ataipaka nyembamba. Ingia bandani, hesabu magunia.

Fuvu lichemshwe polepole, si kwa moto wa kupasua mishono ya mifupa, na lisafishwe mafuta kabla ya kufungwa. Baada ya hapo bado kuna uandikishaji wa nyara na vibali vya daktari wa mifugo, na kwa wanyama walio kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), kama chui, simba na tembo, vibali vya kusafirisha nje. Uliza mapema sheria ya kuingiza nyara ya nchi yako inasemaje. Chui aliyepatikana kihalali Julai anaweza kukaa ghalani miaka kwa kukosa karatasi ya upande wa pili.

Kabla ya kutuma amana

Taka majibu ya maandishi. Kitalu ni kipi, kwa jina, na kampuni ina haki nacho hadi mwaka gani? Mgao uliobaki wa mnyama unayemtaka, kwa tarehe zako, ni wangapi? Maneno "wapo wa kutosha" si idadi. Nani atakuwa mwindaji bingwa, na amewinda kitalu hicho misimu mingapi? Aliyehamishiwa wiki iliyopita kutoka kitalu kingine hajui moto umepita wapi wala maji yaliyobaki yako wapi, na hapo mwezi bora kuliko yote unageuka kuwa wa kujifunza kwa gharama yako. Mvua ikifunga njia, siku zilizopotea zinahesabiwaje? Chumvi, usafirishaji hadi kambini na ada za bunduki zimo kwenye bei au nje yake?

Ukifika kambini piga risasi tatu za kupima kwa mita 100 kabla ya kitu kingine, kwa sababu wabebaji wa mizigo wa viwanja vya ndege hawajui darubini ya bunduki ni nini. Mita 100 ikikaa sawa, sogea mita 50 na upige ukiwa umeegemeza kwenye fimbo tatu, kwa kuwa hivyo ndivyo utakavyompiga nyati.

Na kama tarehe pekee zilizobaki ni za mwisho wa Novemba, bei ikiwa ileile ya Septemba, usitume amana. Omba kuandikwa kwa tarehe 22 Agosti ya mwaka unaofuata.